Gati la Kuvulia Samaki la Lukwambe Juu

(Hotuba ya Mheshimiwa Evance Mihayo, Mratibu Mwandamizi wa Uchumi wa Buluu, Uvuvi wa Burudani na Masuala Mtambuka, aliyoitoa kijijini Lukwambe Juu, milimani Uluguru, ukingoni mwa mto Kilawila, Jumamosi ya kwanza ya masika. Imeandikwa na karani wa kijiji, Semeni, aliyeagizwa asiache hata kikohozi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji; Ndugu Mtendaji wa Kijiji, ambaye namwona kule ng'ambo ya mto akitupungia mkono kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake; wajumbe wa Serikali ya Kijiji mliopo hapa na mliopo mashambani; Sheikh wetu na Katekista wetu, mlioketi pamoja chini ya mwavuli mmoja, jambo linalonifurahisha; Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maji; viongozi wastaafu, viongozi watarajiwa, na wale mliokatwa majina lakini suti mnayo; wakulima wa mdalasini, karafuu, pilipili manga na mananasi, kila mmoja kwa heshima ya zao lake; akina mama wa ndizi mkiongozwa na Bi Maimuna, ambaye naona amekaa mstari wa mbele kabisa na hacheki; wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ilipopitiwa, naomba ijizingatie yenyewe.

(Makofi. Mbuzi wa Mwenyekiti analia.)

Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba hata kabla hamjaniamkia, tuokoe muda, maana hotuba yangu ina kurasa kumi na nne na nimeahidi nafsi yangu kuwa mfupi. Nikisema "Uchumi wa buluu!", ninyi mseme "Mlimani kwetu!" Uchumi wa buluu!

("Mlimani kwetu!" wanaitika watu saba. Mvua inaanza kunyunya.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo vitukuu wenu watakuja kuiulizia, kwa kuwa leo, mbele ya macho yenu na mbele ya kamera ya simu ya dereva wangu, ninazindua Mradi Jumuishi na Shirikishi wa Gati la Uvuvi wa Burudani kwa Kuongozwa katika Maji ya Pwani, mradi ambao utamwezesha mtu yeyote, awe Dar es Salaam, awe Turiani, awe ughaibuni, kuhifadhi nafasi yake kwa simu ya kiganjani, kuja hapa Lukwambe Juu, kusimama kwenye gati lenye hadhi, akiwa na mwongozaji mwenye cheti, akatupa ndoano majini na kuvua changu, kolekole, na kwa mwenye bahati, nguru!

(Minong'ono. Mtu mmoja nyuma: "Nguru huku? Mbona hata dagaa tunawaona kwenye kifuko?")

Nimesikia. Nimesikia swali, na nalipenda swali hilo kwa sababu ni la kijinga kwa namna inayojenga. Wapo wapotoshaji wachache wanaopita vilingeni wakisema, ati huyu Mratibu analeta gati milimani, bahari iko wapi? Jamani, hebu tutumie sayansi. Maji ya mto huu wa Kilawila yanaenda wapi? Yanashuka bondeni, yanaingia mto Ruvu, na Ruvu unamwaga wapi? Baharini! Kwa hiyo maji yale wanayojivunia watu wa pwani, wakayapigia picha na kuyatoza viingilio, ni maji yetu yaliyosafiri. Haya mnayoyaona hapa ni maji ya pwani ambayo bado hayajaondoka nyumbani. Wao wanavua maji yaliyochoka. Sisi tutayavua yakiwa mabichi!

(Makofi mengi. Sheikh anamtazama Katekista. Katekista anatazama mto.)

Sasa nielezee utaratibu wa kuhifadhi nafasi, kwa sababu hapo ndipo utaalamu wangu ulipolala. Wataalamu wangu walikaa semina elekezi ya siku tisa, wakaandaa konsepti noti, wakafanya fizibiliti stadi, wakakutana na mastekiholda, na mwishowe wakaja na fomu ya kielektroniki yenye maswali thelathini na mawili tu. Unaandika jina lako. Unachagua siku. Unachagua kama unataka maji kupwa au maji kujaa. Unatamka kama unaogopa papa. Unajaza namba ya viatu vya mpira. Kisha unabonyeza, na papo hapo unapata ujumbe wa kukupongeza. Fomu hii, niwaambie ukweli, tuliiazima kutoka wilaya moja ya pwani tukabadilisha jina la wilaya tu, na huko ndiko kunakoitwa kubana matumizi.

(Mzee Hafidhi, mkulima wa mdalasini, anasimama na fimbo ya mianzi yenye uzi na ndoano. "Mheshimiwa, mimi nimejaza. Nikaletewa ujumbe: safari yako imethibitishwa, fika gatini saa moja kabla ya maji kujaa. Nimekuja siku tatu mfululizo. Gati silioni. Mwongozaji simwoni. Nimevua kandambili.")

Mpigieni makofi Mzee Hafidhi! Huyu ndiye mteja wetu wa kwanza wa kimataifa wa ndani. Amevua kandambili, ndiyo, lakini amevua, na kwenye ripoti tutaandika kiwango cha mafanikio asilimia mia moja. Halafu mzee wangu, kandambili hiyo ni ya mguu gani?

("Wa kushoto.")

Basi sampuli bado inaendelea. Kaa, mzee wangu. Ndugu wananchi, takwimu hazidanganyi, anayedanganya ni mwenye kuzisoma vibaya. Hadi jana saa kumi jioni tulikuwa tumepokea maombi mia nne na kumi na mawili ya kuhifadhi nafasi, sawa na asilimia mia na kumi na saba ya wakazi wote wa kijiji hiki. Hakuna gati duniani, narudia, hakuna, lililowahi kujaa kiasi hicho kabla halijapigwa msumari. Mimi mwenyewe nilipoziona hizo namba nilitoka nje ya ofisi, nikavua miwani, nikajiambia: Evance, wewe ni mtu wa hatari. Uchumi wa buluu!

("Mlimani kwetu!" wanaitika watu watatu. Bi Maimuna anasimama.)

(Bi Maimuna: "Mheshimiwa, hizo fomu tulijaza kwa sababu uliwaambia watu wako kwamba asiyejaza hatahesabiwa. Mimi sitaki samaki. Nataka daraja. Miezi miwili imepita tangu watu wako waje hapa, wakang'oa mbao zote za daraja letu, wakasema zinakwenda kujenga gati. Yamebaki magogo mawili matupu. Kiangazi tulivuka kwa kukanyaga mawe. Sasa masika hii hapa. Zahanati iko ng'ambo. Huyu mwanangu Yasmin siku zake zimetimia, nesi alimwambia wiki hii akalale kule kule karibu. Atapitaje?")

(Yasmin, aliyeketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anashika kiuno na kusema: "Mama, usipige kelele, inaniuma ukipiga kelele." Mto umepanda tangu asubuhi, mvua ya juu imeshafika. Jiwe walilokanyaga waliomvusha Mheshimiwa mgongoni halionekani tena.)

Bi Maimuna, mama yangu, dada yangu, mpiga kura wangu. Nakushukuru kwa mchango wako wenye afya. Kwanza niondoe upotoshaji: mbao hazikung'olewa. Palifanyika uhamisho wa muda wa rasilimali mbao kutoka sekta ya uvukaji kwenda sekta ya uvuvi, na mtaona hata maneno yenyewe yanakaribiana, hivyo hatujaenda mbali. Pili, mama mjamzito ni kundi maalumu, na kundi maalumu lina ukurasa wake katika hotuba hii, ukurasa wa kumi na mbili. Mimi sasa niko ukurasa wa sita. Namsihi Yasmin, kwa moyo wa uzalendo, asubiri tufike.

("Ayaa!" wanasema akina mama wa ndizi kwa pamoja. Mtu anapiga mluzi. Mwenyekiti anasogeza kiti chake mbali kidogo na Mheshimiwa.)

Aa-aa, jamani, msinune! Msinune hivyo, mnanitisha, na mimi sitishiki. Mbona mnanichukulia kama mgeni? Hamnijui mimi? Mimi si Mnyamwezi wa Tabora, mtoto wa Mihayo? Na Mnyamwezi na Mluguru ni nini? Ni watani! Babu zetu walipita hapa na mizigo kichwani wakienda pwani, wakala ndizi zenu, mkawaibia chumvi, mkacheka pamoja, yakaisha. Mtani hakasirikiwi! Anachosema mtani ni halali, anachofanya mtani ni halali, anachochukua mtani hakidaiwi! Natamka mbele ya hadhara hii, na karani aandike: mimi ni mtani wenu, ninyi ni watani zangu, na tuishi kwa mila!

(Kicheko kikubwa, cha kwanza leo. Bi Maimuna naye anacheka. "Umesema mwenyewe?" anauliza. "Semeni, umeandika?" Nimeandika.)

Nimesema mwenyewe na nasema tena! Naam, mnaona hali ya hewa ilivyobadilika? Huo ndio uongozi. Mtu mwingine angeita mgambo. Mimi nimetumia mila na desturi. Sasa tuendelee na mhimili wa pili wa mradi, ambao ni ajira kwa waongoza wavuvi, ambapo tunatarajia kuzalisha ajira za moja kwa moja elfu tatu, ajira zisizo za moja kwa moja elfu tisa, na ajira za kupinda...

(Fundi Stambuli, seremala aliyelijenga daraja, anakwenda nyuma ya jukwaa na kufunua zulia jekundu. Anapiga ukelele: "Njooni mwone! Mbao zangu hizi! Alama yangu hii hapa, niliichonga kwa patasi! Jukwaa lote ni daraja letu!")

Tulia, fundi. Tulia. Hakuna kilichofichwa, kilikuwa kimefunikwa tu. Mradi wowote wa kisasa unahitaji uzinduzi, uzinduzi unahitaji jukwaa, na jukwaa linahitaji nini? Mbao! Je, ningezindua gati nikiwa nimesimama kwenye matope, mkapata aibu ninyi?

(Bi Maimuna anapanda jukwaani upande wa nyuma, anafunga kanga kiunoni vizuri. "Mtani," anasema, "nachukua mbao." Anachukua. Akina mama wa ndizi wanampokea, ubao unapita kichwa kwa kichwa hadi mtoni. Stambuli anatoa nyundo.)

Bi Maimuna! Hiyo ni mali ya... ni nyaraka ya... mlinzi! Mlinzi yuko wapi?

(Mlinzi, mzaliwa wa hapa hapa, amebeba ubao wa pili. "Mtani hakasirikiwi, Mheshimiwa," anasema kwa heshima. Sheikh anauliza kama maneno yameandikwa kweli. Ninamsomea. "Basi," anasema Sheikh, na yeye na Katekista wanasimama ili viti vyao viondolewe juu ya mbao.)

Ha! Ha ha! Mnaona? Mnaona utani wetu ulivyo hai? Mimi sikasiriki. Mimi natabasamu, dereva piga picha nikitabasamu. Chukueni mbili, chukueni tatu, mfurahi. Ninaendelea. Ukurasa wa nane. Katika usalama wa wavuvi burudani, tumeagiza maboya ya kuokolea ambayo yapo katika hatua ya kufikiriwa...

(Nyundo mtoni. Ubao wa kumi na moja. Meza kuu inashushwa chini, pamoja na chupa za maji na shada la maua ya plastiki. Yasmin ameinama, ameshika bega la Mzee Hafidhi. "Uchungu umeanza?" anaulizwa. "Umeanza kitambo," anajibu, "nilikuwa naona haya, hotuba inaendelea." Mama yake anatupa ubao na kukimbilia kwake.)

Nani kaanza nini? Nani? Ndugu wananchi, naomba utulivu, nipo katika aya muhimu! Jamani, sogeeni, hiki kipaza sauti kinayumba. Basi niruke kurasa chache, nionekane nina ubinadamu. Nije kwenye shukrani, maana shukrani ni lazima, asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu.

(Ubao wa thelathini na nane. Mwenyekiti amevua koti na kubeba.)

Nawashukuru sana wataalamu wangu kwa kulichora gati kwa rangi, ingawa mchoro ulilowa. Namshukuru aliyetengeneza mfumo wa kuhifadhi nafasi, ambao kwa kweli ni simu ya shemeji yangu, na kila anayejaza fomu hujibiwa na shemeji kwa mkono wake, masikini, hadi kidole gumba kimevimba. Nawashukuru waongozaji kumi na wawili wenye vyeti. Vyeti tunavyo, waongozaji tutawatafuta. Namshukuru kwa namna ya pekee mkandarasi wa gati, ambaye hatukumwajiri, kwa kutotuchelewesha. Na zaidi ya wote nakishukuru kijiji hiki kwa imani yake kwa gati ambalo, kama inavyosomeka kwa maandishi madogo kwenye kiambatisho cha tatu, halipo, halikuwahi kuwepo, na halikuwahi kuombewa kibali, kwa kuwa kilichopitishwa katika bajeti ilikuwa ni sherehe ya uzinduzi peke yake. Uchumi wa buluu!

(Hakuna anayeitika. Nyundo zinanyamaza.)

Nimesema, uchumi wa buluu?

(Bi Maimuna, akiwa amemshika mwanawe, anasema bila kupaza sauti: "Kumbe tumekaa matanga. Mradi umekufa zamani. Na kwenye msiba, wanaozika ni watani. Haya, Stambuli, zika upesi, mtoto anakuja." Nyundo zinaanza tena. Anageuka kwa Mheshimiwa. "Na wewe, baba, mimi naogopa. Unanisikia? Dada yangu alifia ukingo huu huu mwaka wa mafuriko, daraja halijajengwa. Naogopa sana.")

Mimi... nimekusikia, Bi Maimuna. Nami nilitaka tu... Kwenye hotuba yangu hakuna mahali pa kujibu hilo. Nimeangalia ukurasa wa kumi na mbili, imeandikwa "kundi maalumu litanufaika", basi, hakuna kingine. Niliandika mwenyewe, nikaona inatosha. Fundi, mmefika wapi?

(Stambuli anapiga kelele kutoka katikati ya mto, maji yakigusa tumbo la magogo: "Tumefika karibu na ng'ambo! Pengo limebaki! Nahitaji mbao mbili tu, ndefu!" Watu wanatazama huku na huku. Jukwaa limekwisha. Zimebaki mbao mbili, ndefu, juu ya mawe, na juu yake amesimama Mheshimiwa na kipaza sauti chake.)

Mbona mnanitazama hivyo?

(Mheshimiwa anatazama matope, kisha mbao. Mto unavuma. Yasmin anasema, "Mama," basi, hilo tu.)

Ndugu wananchi. Chini hapo ni matope. Viatu hivi ni vya kuazima, ni vya shemeji. Na nikishuka sitakuwa na mahali pa kusimama kumalizia, na kurasa zangu mbili zimebaki, na mojawapo inanisifia vizuri sana.

("Mtani," anasema Bi Maimuna.)

Naam, mtani. Kwa hiyo basi, kwa mamlaka niliyopewa, na yale niliyojipa, na kwa maneno haya machache, natamka rasmi kwamba nimeshuka.

(Mheshimiwa anashuka. Matope yanamfika juu ya soksi. Anashika ubao mmoja upande wa nyuma, Mzee Hafidhi anashika upande wa mbele, mlinzi anabeba ubao wa pili, wanakwenda mtoni Stambuli azibe pengo, na kipaza sauti kinaanguka. Yasmin anavuka, mama yake nyuma yake, Mtendaji anampokea ng'ambo. Saa nane na robo, kabla Mheshimiwa hajapata viatu vyake vyote viwili, nesi anatoka mlangoni pa zahanati na kutupazia sauti kwamba mtoto ni wa kike. Makofi ya muda mrefu.)